Barua ya Kumi na Mbili

Jairus alilishtaki gereza akiwa ndani yake. Ombi aliliandika mwenyewe, kwa kalamu ya kuazima, akidai haki yake ya kikatiba: barua za mama yake. Askari wa kukagua barua alimwambia jaji, bila haya, kwamba alizizuia kwa kuwa ziliandikwa Kiisukha, lugha ya kwao Jairus, naye hakukielewa. Kana kwamba habari za ng'ombe kuzaa kule kijijini Khayega ni njama ya kutoroka.

Kesi ilikokotwa miaka mitatu. Jairus akashinda. Wafungwa wenzake walishangilia, lakini mama yake alikuwa ameshazikwa.

Akaletewa barua kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa zimefunguliwa. Ya mwisho ilikuwa bado na gundi yake. Askari walipoona mwandiko ule ule kwenye bahasha, waliitupa tu kwenye rundo.

Akaifungua taratibu. Mama, ambaye maisha yake yote hakuandika ila Kiisukha, alikuwa ameandika:

"Mwanangu, naona umesahau rugha yetu huko ndani. Nimejifunza Kiswahiri. Sasa utanijibu?"