Ufa Kwenye Kopo la Filamu

Kopo lilimponyoka Mama Picha akiwa analisuuza kwenye karo. Lilipiga sakafu kwa mlio mkavu, na moyo wake ukaruka kabla hata hajainama kuliokota. Lilikuwa kopo la kusafishia filamu, jeusi, la bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani inayong'aa vizuri lakini ikianguka haina msamaha. Alilirithi kwa baba yake. Sasa lilikuwa na ufa kuanzia mdomoni hadi kitakoni, na kipande kimoja kilikuwa kimerukia chini ya meza.

"Mungu wangu!" alisema. Akakaa palepale kwenye maji.

Hakulilia kopo. Kwenye droo kulikuwa na filamu aliyoipiga kwenye harusi ya fundi umeme mmoja, kijana aliyeanguka kutoka kwenye nguzo akafa, hata zulia la harusi halijarudishwa kwa wenyewe. Tangu utotoni kijana yule alikuwa hapatani na kamera. Akilengwa tu, anageuka. Siku ya harusi ndipo aliposimama, tena kwa kubembelezwa. Asubuhi hiyo mama yake alikuwa amekuja studio, amejifunga kanga kichwani kama mtu mwenye homa.

"Mwanangu, sina sura yake nyingine," alimwambia. "Nakuja kesho mchana."

Na Mama Picha alikuwa amemjibu, "Njoo tu, mama. Picha utazikuta."

Sasa angefanya nini? Studio nyingine zote pale mjini zilikuwa za kompyuta, hazisafishi tena filamu. Kuituma filamu mbali kwa basi aliogopa zaidi, ikipotea je? Chumba chake cha giza walishakipangisha, akabaki na mfuko mweusi wa kuingizia mikono na hilo kopo. Mwanga ukipenya kidogo tu, kijana wa watu anafutika.

Mumewe, fundi viatu, aliacha kiatu cha mteja akaja kuchungulia.

"Lete nilibandike, dakika moja tu."

"Kwa gundi yako ya soli? Dawa ya filamu italamba yote!"

"Basi tumia ile ya mirija miwili, ya kuchanganya. Ile hata jino inabandika."

"Baba watoto, usinichekeshe. Naogopa."

Alipomtazama usoni, mume aliacha utani. Akaenda kuileta.

Mama Picha alikwangua masizi chini ya sufuria, akayakoroga ndani ya gundi mpaka ikawa nyeusi tii, ili mwanga usipite. Akaipaka kwenye ufa kwa njiti ya kiberiti, akakirudisha kile kipande, akalifunga kopo lote kwa ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli. Usiku huo usingizi ulimpaa. Kila akifumba macho alimwona yule mama akinyoosha mkono kupokea, na yeye hana cha kumpa.

Kulipokucha alilijaza maji. Halikuvuja. Akaligeuza juu chini, akalipangusa kwa karatasi, kavu. Aliivingirisha filamu ndani ya mfuko mweusi kwa vidole vyenye jasho, akaitia koponi, akalifunika, akalitoa mfukoni, akamimina dawa, akaanza kulitikisa taratibu.

Ndipo aliposikia tone la baridi kwenye kifundo cha mkono.

Alitazama. Dawa ilikuwa inachungulia kando ya ule mpira, na gundi imeinuka kama ngozi ya lengelenge.

"Baba watoto! Nifunike! Nifunike upesi!"

Mume alivuta blanketi kitandani, akamtupia, akatupa na la pili, kisha na koti lake zito. Mama Picha alijikunja sakafuni gizani, kopo amelikumbatia tumboni, kidole gumba amekikandamiza kwenye ufa. Dawa ilimtiririkia mapajani. Hewa ilikuwa nzito, harufu kali imemkaba koo. Alimwaga dawa ya kwanza, akapapasa chupa ya dawa ya kukazia picha, akamimina.

"Uko hai?" mume aliuliza kutoka juu.

"Usiguse blanketi!"

Alipotoka, nywele zilikuwa zimemganda usoni. Aliutoa mkanda wa filamu koponi akauinua dirishani, jicho moja amelifumba kwa woga. Mwishoni ulikuwa mweusi mtupu. Picha kadhaa zilikuwa zimeungua kwa mwanga. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na watu.

Mama mtu alifika kabla mkanda haujakauka vizuri. Aliutazama, akarudi nyuma.

"Huyu ni mwanangu? Mbona uso mweusi, meno meusi?"

"Filamu ndivyo ilivyo, mama. Twende kwa kijana wa kompyuta, ataigeuza."

Walikwenda pamoja, Mama Picha akiushika ule mkanda kingoni kama anayebeba wembe. Kwenye kioo cha kompyuta weusi uligeuka weupe, na bwana harusi akatokea anacheka, tai imempinda. Mama yake aligusa kile kioo kwa kidole.

"Ile niliyosimama naye iko wapi?"

Mama Picha alimwonyesha mwisho mweusi wa mkanda. "Hiyo imeungua, mama. Kopo lilipasuka mikononi mwangu. Nisamehe."

"Mimi najiona kila siku," mama alisema bila kuondoa macho pale. "Nilikuwa namtaka yeye." Kisha akamgeukia kijana wa kompyuta. "Mfanye mkubwa kidogo, baba. Macho yangu hayaoni vizuri."