Benchi la Nje ya Ukumbi

Walimwita Nyota Mbili, na jina hilo alilipata kihalali. Miaka kumi na mitano alikuwa akichambua filamu kwenye redio ya mji, kila Jumapili saa kumi jioni, na hakuwahi hata siku moja kutoa zaidi ya nyota mbili kati ya tano. Filamu ikichekesha, yeye husema waigizaji wamecheka kabla yake. Ikiliza, husema machozi yametiwa maji. Siku zilizobaki alikuwa fundi miwani mwenye chumba chembamba kando ya barabara, anasaga vioo na kukaza skrubu ndogo kuliko chawa. Wateja walisema ndiyo maana hapendezwi na kitu, mtu anayeshinda kutwa akitafuta mikwaruzo ataona nini kingine?

Kwenye kipindi walikuwa watatu. Wa pili aliitwa Mwalimu, mstaafu wa jiografia, ambaye katika filamu yoyote hutazama jua kwanza. Jua likizama kule kule lilikochomoza, basi filamu hiyo kwake imekwisha habari yake. Wa tatu alikuwa Dada Saluni, msusi, mwenye macho ya nywele. Mhusika akiingia chumbani na mabutu akatoka na nywele za kuchana, utamsikia akiguna kabla ya mtu mwingine. Walikuwa wakigombana kila Jumapili, na kila Jumatatu kila mmoja alianza kuisubiri Jumapili nyingine.

Sasa, Jumamosi moja ya joto la kulaza watu, yalifanyika maonyesho ya filamu za kanda yetu katika ukumbi wa zamani wa sinema. Mapangaboi yalizunguka kivivu, viti vya mbao vililia kila mtu alipogeuka, na juu ya vichwa mwanga wa projekta ulipita umejaa vumbi linaloelea polepole, hata ukilitazama sana unasahau kutazama picha. Filamu ya mwisho ilikuwa ya mwongozaji mpya, binti wa watu, aliyeitengeneza kumhusu mama yake. Maneno yalikuwa machache. Watu wanateka maji, wanakaa mlangoni, pazia linajaa upepo na kushuka. Nyota Mbili hakujua kama yuko macho au amelala, na kwa mara ya kwanza hakujali.

Kisha mama wa kwenye filamu akaugua, na watu wakaenda kuzika. Nyota Mbili alijikunja kwenye kiti chake, akafunika uso mpaka picha za msiba zikapita. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na tangu hapo filamu yenye jeneza huitazama kwa jicho moja. Akajiambia, haya, ndiyo imeisha, twende zetu. Lakini haikuisha. Mlango ukafunguka, na yule yule mama aliyezikwa akatoka na beseni kiunoni, mzima wa afya, akaanza kuanika nguo kwenye kamba. Akabana shuka la mwisho, akageuka, akawatazama watu wote ukumbini kama wanawe. "Mmekula?" akauliza. Taa zikawaka.

Mama mfagiaji, aliyekuwa amesimama nyuma na ufagio wake, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, mbona aliyezikwa anaanika nguo? Mwalimu akamgeukia na kumnyamazisha, kwamba hiyo ndiyo sanaa, si kila kitu cha kuulizwa. Dada Saluni akanong'ona kwamba ameona hata misuko imefumuka, mama akiugua nywele zimesukwa na akianika nguo ziko wazi, yaani muda wenyewe unajifumua, jamani huyu binti ana akili. Na Nyota Mbili? Alikuwa analia kama mtoto, kamasi na kila kitu.

Jumapili, redioni, alitoa nyota tano. Kimya kilikuwa kirefu hata fundi wa studio akadhani umeme umekatika. Nyota Mbili akaeleza kwa utulivu kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuona mwisho wa kweli isipokuwa huo, na anayebisha aje kibandani kwake ampime macho bure.

Jumatatu asubuhi akaingia Mama Mitambo, mwendesha projekta wa ule ukumbi, mdogo wake marehemu mkewe. Aliingia amekunja uso, akipapasa meza kutafuta kiti. Akamwambia shemeji yake habari aliyoilalia siku mbili bila usingizi. Filamu ilikuja kwenye flashi ikiwa vipande vinne, na yeye amecheza cha nne kabla ya cha tatu. Mama alipaswa kuanika nguo kwanza na kufa baadaye. Tarakimu za vipande alizisoma kwa kubahatisha, kwa sababu miwani yake ilikuwa haipo.

"Na iko wapi?" akauliza Nyota Mbili, tayari kukasirika.

"Iko kwenye droo yako, shemeji. Wiki ya tatu leo. Kila nikija unaniambia kesho."

Akafungua droo. Ilikuwepo, na mkono wake mmoja uliovunjika ukiwa pembeni. Hasira yote ikamwishia mdomoni. Aliitengeneza hapo hapo, dakika nne tu, na hakuthubutu kumtazama.

Mwongozaji mwenyewe alikuwa amechelewa njiani Jumamosi ile. Alipoingia alikuta mama yake yuko kwenye skrini anaanika nguo, ukumbi mzima unalia na kupiga makofi, akashindwa kuwakatiza. Angesema nini? Lakini sasa kulikuwa na fomu. Ili filamu iende kwenye maonyesho makubwa ya kanda, ilibidi wachambuzi watatu wa mji waweke sahihi kwamba wameitazama yote, mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio wake, na fomu iwe imefika Ijumaa. Ikapangwa waitazame upya Alhamisi mchana. Mwalimu alikubali haraka, akidai kuwa jua alilishtukia tangu mwanzo ila aliwahurumia wenzake. Dada Saluni alicheka mpaka akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa. Nyota Mbili peke yake alikataa. Alisema ameshaiona, nyota ameshatoa, na haongezi wala hapunguzi.

Ukweli ni kwamba aliogopa, na aliyekuwa akimwogopesha alikuwa mkewe.

Mkewe alipenda sinema kuliko yeye, lakini hakuwahi kukaa mpaka mwisho. Dakika kumi kabla filamu haijaisha hunyanyuka, akamgusa bega mumewe, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi la koridoni, nje ya mlango wa ukumbi. Nyota Mbili alikuwa akimlaumu sana kwa hilo, anasema ni kama mtu anayeondoka mezani kabla ya kunawa. Filamu ikiisha anamkuta pale, na njia nzima ya kurudi nyumbani anamsimulia mwisho kinaganaga. Naye mkewe anasikiliza, anatikisa kichwa, anasema, "Huo siutaki," kisha anatunga wa kwake. Majambazi wanafungua duka la vitambaa. Waliokufa wanakutwa wamelala tu. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, hakuwahi kuukubali mwisho hata mmoja aliouleta mumewe.

Isipokuwa mmoja. Hospitalini, daktari alimwita Nyota Mbili koridoni, akaurudisha mlango wa wodi, akamwambia ajiandae, ni suala la siku. Alijikaza kisabuni, akarudi ndani akiwa na uso wa mtu aliyetoka kununua gazeti. Mkewe akamuuliza, kama walivyozoea, "Haya, nisimulie. Mwisho wake nini?" Akamjibu kwamba Ijumaa wanarudi nyumbani. Mkewe alimtazama muda mrefu. Akasema, "Huo nimeukubali." Alhamisi hakuwepo tena.

Miaka mitatu Nyota Mbili alikuwa anatembea na kitu hicho. Kwamba mke wake alikufa akifungasha nguo mawazoni, kwa uongo wake, bila kupewa nafasi ya kuaga. Na sasa amepata filamu moja, moja tu, ambamo mama anazikwa katikati na mwisho anauliza kama watu wamekula, na hao watu wanataka wamnyang'anye hata hiyo?

Jumatano binti mwongozaji akamfuata kibandani. Hakuomba nyota wala hakulia. Alisimama mlangoni akamwambia, "Baba, mimi nilikuwa na mama mpaka mwisho, na huo mwisho nimeuweka pale kwa ajili yake. Sitaki sifa. Naomba umtazame tu." Kisha akaondoka. Nyota Mbili akabaki ameshika kioo kisicho na fremu mpaka kikapata joto la mkono.

Alhamisi alikwenda, kwa shingo upande. Ukumbi ulikuwa mtupu, wao watatu na binti yule safu ya nyuma. Mapangaboi yaliendelea na uvivu wao, vumbi likaelea kwenye mwanga, pazia likajaa upepo na kushuka. Safari hii mama alianika nguo mapema, akauliza "Mmekula?" na maisha yakaendelea kama ambavyo huendelea. Kilipoanza kipande cha nne, mama akakaa kitandani akishika kiuno, Nyota Mbili akang'ang'ania mkono wa kiti. Alivumilia kidogo. Kisha akanyanyuka. Mkono wake ukamgusa bega Mwalimu, sijui kwa nini, akatoka nje.

Benchi lilikuwa pale pale. Alikaa. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa juu yake hata mara moja. Jua la alasiri lilipita dirishani likatandika sakafu mpaka miguuni pake, na kwa muda alihisi kuna mtu upande wa kushoto amemsogelea kidogo. Akafumba macho.

Na hapo akaanza kusikia. Mlango ule wa mbao haukuzuia kitu. Alisikia kikombe kikiwekwa chini, akasikia pumzi ya mgonjwa, akasikia binti akimwita mama yake mara mbili. Kila neno. Hata kimya cha baada yake kilipita mlangoni kikamfikia.

Akafumbua macho. Juu ya ngazi, kwenye kidirisha cha chumba cha projekta kinachotazama koridoni, Mama Mitambo alikuwa anamtazama kupitia miwani yake iliyotengenezwa.

"Shemeji," akasema Nyota Mbili, "dada yako alikuwa anasikia?"

"Alikuwa anasikia yote," akajibu. "Nilikuwa namwona kutoka hapa. Analia, anafuta uso, anajiweka sawa. Ukitoka wewe anakuambia usimulie."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulikuwa unapenda sana kusimulia, shemeji."

Nyota Mbili alitazama mlango. Aliutazama kwa muda mrefu, na si mlango wa ukumbi aliouona, bali ule wa wodi, mwembamba, wa rangi ya maziwa, na daktari akiurudisha kwa kidole tu. Kitanda kilikuwa hatua tatu kutoka pale. Hatua tatu! Basi mkewe alikuwa amesikia. Alisikia yote, akajiweka sawa, akamwomba asimulie, na mwisho ule wa uongo akaupokea kwa mikono miwili kwa sababu aliyeuleta alikuwa mumewe. Huko ndiko kulikokuwa kuagana kwao, na Nyota Mbili peke yake ndiye hakujua.

Alilia kidogo, si kama siku ile. Kisha akafuta uso kwa kiganja, akajiweka sawa, akafungua mlango akaingia.

Kwenye skrini, waliokuwa makaburini walikuwa wanarudi. Nyumba ilikuwa kimya. Binti wa kwenye filamu akatoka uani, akakuta nguo alizoanika mama yake bado ziko kwenye kamba. Akazianua moja moja bila haraka. Shuka la mwisho alilishika akalinusa, akalikunja, akaingia nalo ndani. Taa zikawaka.

Nyota Mbili akaomba kalamu, akaweka sahihi mahali palipobaki. Mwalimu akamuuliza chinichini, kwa kejeli kidogo, kama nyota ni zile zile tano au zimerudi kuwa mbili. Akasema wasubiri Jumapili kama wasikilizaji wengine.

Alipotoka, Mama Mitambo alikuwa ameshuka ngazi, amekaa kwenye benchi anazungusha waya wa projekta mkononi. Alijisogeza kumpisha.

"Haya, nisimulie," akamwambia. "Mwisho wake nini?"

Nyota Mbili akakaa. "Mama amefariki," akasema. "Na nguo zilikuwa zimeshakauka."