Mkwe Ndani ya Mafunjo

Bi Nabbosa alibakiwa na ndege mmoja tu. Wengine wote aliowataka alishawaona, na daktari wa macho alimwambia wazi kwamba kabla ya mwaka kuisha hataona hata kijiko mezani. Ndiyo maana alikuja nasi kupiga kambi msitu wa Mpanga, mwanamke wa umri ule, alale hemani na kunywa chai yenye sisimizi. Hondohondo walipita juu yetu kwa kelele zao, mimi na Kawuki tukakimbilia darubini. Yeye hakuinua hata kichwa.

"Hao nawajua," alisema. "Macho yangu namwekea bulwe."

Bulwe anaishi kwenye kinamasi cha Mabamba: ndege mrefu wa kijivu, mdomo kama kiatu cha mbao, hodari wa kusimama bila kutikisika. Mimi binafsi simpendi sana. Ana sura ya hakimu aliyekosa chai.

Asubuhi tulikunja mahema, tukafika gatini. Kawuki ndiye aliyepanga safari, mtu mwema asiyejua kufunga mdomo, na alikuwa amemwita kiongozi aitwaye Ssentamu, ambaye hakuna anayemfikia kwa kumtafuta bulwe. Ssentamu alisimama mtumbwini, akamnyoshea Bi Nabbosa mkono apande. Bi Nabbosa naye akanyosha wake. Vidole vilikaribia kugusana Kawuki alipopaza sauti:

"Mshike vizuri huyo! Ni Bi Nabbosa wa Nateete, mama yake Nakku!"

Ssentamu aliurudisha mkono kama aliyeshika sufuria ya moto. Nakku ni mkewe. Siku ya posa mama mkwe alikaa ndani, na tangu hapo hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Bi Nabbosa alijifunika shuka kichwani, akageukia barabara. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawagusani, hawapandi chombo kimoja. Anayethubutu, mikono humtetemeka mpaka kaburini.

"Kawuki, wewe mpumbavu," Bi Nabbosa alisema chini ya shuka.

"Mama, ningejuaje?"

"Ulikula posa ile mpaka ukalegeza mkanda! Ulidhani ni matanga ya nani?"

Viongozi wengine walishaingia majini na wageni wao. Nikasema basi, turudi Kampala. Hapo nikaona shuka inatikisika. Mama alikuwa analia.

Tukakodi mtumbwi wa pili. Ssentamu akatangulia na Kawuki, mimi nikafuata nikisukuma upondo, na Bi Nabbosa akakaa mbele yangu akiwa ameangalia nyuma tulikotoka. Nikawa tarishi pia.

"Muulize huyo mtu, Nakku anakula?"

Nikauliza.

"Mwambie mama anakula kunishinda!" Ssentamu alijibu kutoka mbele.

"Mwambie ndivyo tulivyomlea. Avumilie."

Hatimaye Ssentamu aliinua mkono. Bulwe alikuwa amesimama mwisho wa mfereji, karibu kuliko nilivyowahi kumwona. Lakini mfereji ulikuwa mwembamba, mitumbwi haiwezi kupishana, na Ssentamu alisimama katikati kabisa, kati ya ndege na mama mkwe wake.

"Mama, geuka," nilinong'ona. "Tazama upesi tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Ssentamu alisikia. Akalaza upondo, akavua kandambili, akateleza majini bila kishindo. Akajikunyata kwenye mafunjo, maji yakamfika shingoni. Humo mna ruba, na samaki aina ya kamongo wanaouma. Kabla hajazama alimwashiria Kawuki alale chali mtumbwini na anyamaze, jambo nililokuwa nikiliomba tangu Mpanga.

"Mwambie mama hapa hakuna mtu," sauti ilitoka kwenye mafunjo.

Bi Nabbosa akageuka. Akashusha shuka, akaweka darubini yake machoni. Ndege hakutikisika, naye hakutikisika. Muda ukaenda. Midomo ya Ssentamu ilianza kubadilika rangi.

"Mama," nilisema, "mkwe anatetemeka huko."

"Nimempa binti mzima," alijibu bila kushusha darubini. "Yeye anipe muda kidogo."

Ghafla bulwe akajitupa mbele, akainuka na kamongo mdomoni, akammeza, akatandaza mabawa, akaondoka. Darubini ikamfuata mpaka mbingu ikabaki tupu, na bado ikaendelea kufuata. Si kawaida yangu kuwahurumia watu safarini, lakini nilimhurumia.

Akajifunika, akageukia nyuma.

"Mwambie atoke. Aote jua."

Gatini Bi Nabbosa alishuka wa kwanza, akaenda zake kuelekea kwenye gari. Kwenye ubao aliokalia niliona darubini yake.

"Mama, umesahau!"

"Sijasahau," alisema akiendelea kutembea. "Nikishaondoka, aje aiokote. Mimi nimemaliza nayo."

Ssentamu alifika akichuruzika maji, ruba wawili wamemganda mguuni. Nilimweleza. Aliinama akaiokota, akaifuta kwa kiganja, na kama yeyote aliyepewa darubini akaiinua machoni. Ilielekea barabarani, kule mama alikokuwa akipapasa mlango wa gari. Akakumbuka. Akaigeuzia majini, akasimama hivyo, akiangalia kinamasi ambacho hakikuwa na kitu, mpaka gari lilipowaka.