Kicheko cha Gasper

Spika zilifungwa tangu asubuhi, mbili kubwa nyeusi kama makabati, moja ukumbini na nyingine ikielekezwa uani ili hata majirani wajue kwamba Makao yana wageni. Makao yenyewe yapo nje kidogo ya Viwanja Sitini, pale nyumba za mji wa Ifakara zinapoishia na majaruba ya mpunga yanapoanza. Humo huishi vijana ambao shule zimewafukuza na ndugu wamewachoka: wanaopiga, wanaojikata, wanaotoroka, wasiosema na mtu.

Restuta, mlezi wa wasichana, alikuwa jikoni na Careen wakichambua mchele wa pilau. Jiko lile ndilo jengo pekee lililobaki na paa la nyasi, na lilibaki hivyo kwa sababu Restuta alipinga lisiezekwe bati. Careen alipoletwa kutoka Mofu, akiwa na miaka kumi na minne, kila mvua ilipopiga bati alivunja chochote kilichokuwa karibu: vioo, mabeseni, na safari moja kidole cha mwalimu. Shuleni walimwita jeuri. Nyumbani kwa mjomba wake walimwita kichaa. Restuta alihitaji masika nzima kutambua kwamba adui wa mtoto yule ni sauti ya maji juu ya bati, na tangu hapo wingu likifunga wawili hao huhamia jikoni bila kuambizana. Chini ya nyasi mvua haina kelele.

"Mama, hao wa Dar wakiliona tope la getini watafanyaje?" Careen aliuliza.

"Watavua viatu."

"Wale? Thubutu! Watabebwa mgongoni. Meneja mwenyewe atainama awabebe."

"Chambua mchele, wewe."

"Nachambua. Na nyama je, tutabakiziwa?"

"Kwa jinsi ulivyoionja, ni wageni watakaobakiziwa."

Careen alicheka hadi ungo ukatikisika. Restuta aliisikiliza furaha ile kwa uangalifu, kama mtu anayeangalia moto aliouwasha kwa kuni mbichi.

Siku chache zilizopita meneja, Bwana Maximilian, alimtaka Careen asimame mbele ya wageni atoe ushuhuda. Wageni walikuwa wameahidi bweni jipya, naye aliamini hakuna habari ya kuwagusa kama ile ya Careen na mdogo wake. Careen alikataa. Ndipo Restuta akamwambia, meneja akiwa amesimama palepale, "Habari ya Gasper ni yako. Haitasimuliwa hapa bila ridhaa yako." Meneja alitikisa kichwa kukubali.

Meneja aliijua habari ile kwa njia moja tu. Careen alimweleza Restuta, kidogo kidogo, mvua kwa mvua. Na Restuta akaieleza katika kikao cha walezi, mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu wanaoishi na mtoto hawana budi kujua kinachomuumiza. Hiyo ndiyo kazi ya kikao. Kinachosemwa pale hukabidhiwa kama dawa ya mgonjwa: kwa ajili yake, si kwa ajili ya kuuzwa.

Spika ya uani ilikoroma, kisha ikatoa sauti nyembamba ya msichana.

"Shikamooni wageni wetu. Kwa jina naitwa Jenifer. Nilikuwa na mdogo wangu, anaitwa Gasper."

Mikono ya Careen ilisimama ndani ya mchele.

"Wazazi walituacha shambani tulinde ndege," sauti iliendelea, ikipanda na kushuka kama ya mtu anayekariri shairi la shule. "Tulikuwa tunalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti. Usiku mto ukajaa. Dungu likaanguka. Nikambeba Gasper mgongoni. Akalia, akaniambia, dada, usiniache. Dada, usiniache! Mikono ikachoka. Nikamwachia."

Ukumbini watu waliguna kwa huzuni, na spika ikauleta mguno ule hadi jikoni.

Careen aliuweka ungo chini taratibu mno, asimwage hata punje. Kisha akatoka. Restuta alimfuata akimwita, lakini msichana hakukimbia wala hakugeuka. Alitembea moja kwa moja kuvuka uwanja, akapita kati ya viti vya wageni. Leso zilikuwa machoni. Simu zilikuwa zimeinuliwa. Jenifer, mdogo kwa Careen kwa mwaka mmoja, alimwona akija, akakishusha kipaza sauti.

Ponsiano, mlinzi, alianza kusogea. Bwana Maximilian alimzuia kwa kiganja, akakichukua kipaza sauti kwa Jenifer na kutabasamu.

"Msiogope, wapendwa. Huyu ni mmoja wa wale wenye changamoto kubwa. Mnajionea wenyewe kazi tuliyo nayo."

Simu zote zikahama kutoka kwa Jenifer na kumwelekea Careen.

Naye Careen alisimama mbele ya Jenifer, mikono ikining'inia. Wote waliomfahamu walingoja kofi.

"Hakulia," alisema. "Gasper hakulia."

Akamshika Jenifer mkono, akamtoa nje. Mama mmoja katika mstari wa mbele aliwafuata kwa kamera ya simu hadi mlangoni. Restuta aliifunika kamera ile kwa kiganja kilichojaa pumba za mchele, akakiacha pale mpaka wasichana walipopotea machoni.

Jikoni, Jenifer alikaa chini karibu na mafiga akijifunika uso.

"Nipige basi, dada. Nipige yaishe."

"Nani alikufundisha yale maneno?"

"Meneja. Alisema utakuwa huku, hutajua. Sikujua spika inafika huku, haki ya Mungu."

"Na kwa nini hukusema yako?"

Jenifer alifuta kamasi kwa upindo wa kanga. "Nilimwambia yangu. Akasema haina mvuto."

Restuta alikuwa amesoma chuoni namna nyingi za kumdhuru mtoto, akazifanyia mtihani na kufaulu. Hakuna kitabu kilichomtayarisha kwa hii. Mtoto mmoja kuporwa msiba wake, na mwingine kuambiwa kwamba maumivu yake hayatoshi kujengea bweni! Na wote wawili wako hapa ili wafundishwe kumwamini mtu mzima.

Bwana Maximilian aliingia akiinamisha kichwa kukwepa nyasi za mlangoni.

"Waje waombe radhi. Wote wawili, sasa hivi, kabla ya chakula. La sivyo Jumatatu naongea na ustawi wa jamii, Careen arudi Mofu kwa mjomba wake. Hatuwezi kukaa na mtoto hatari."

"Amempiga nani?" Restuta aliuliza.

"Hiyo siyo hoja."

"Amevunja nini?"

"Dada Restuta, tuelewane. Bweni watalala wote. Kisa ni kilekile, wasichana ni walewale. Nani ameumia?"

Restuta aliwatazama walioumia, wamekaa bega kwa bega karibu na majivu. Maximilian hakuwatazama.

"Kisa si kilekile," Restuta alisema. "Nilikieleza kikaoni kama nilivyokipokea. Gasper alikuwa anamcheka dada yake kwa kuwa aliogopa maji. Alicheka mpaka mwisho. Hicho ndicho mtoto huyu anachokisikia kwenye bati. Umekipeleka wapi kicheko kile, Bwana Maximilian?"

Meneja alishusha pumzi kama mtu anayechoshwa na jambo dogo. "Kicheko kingewachanganya wageni."

Maneno yale yalibaki jikoni pamoja na moshi, na kwa mara ya kwanza meneja mwenyewe alionekana kutopenda yalivyosikika. "Nawasubiri ukumbini," alisema, akatoka.

Restuta alichuchumaa mbele ya Careen. Kukaa kimya kungemlindia kazi, lakini kungemfundisha mtoto huyu kwamba ahadi aliyopewa ilikuwa kelele tu.

"Nataka kwenda kuwaambia kwamba habari ile haikuwa ya aliyeisimulia. Sitasema ni ya nani. Unaniruhusu?"

Careen alichora kwenye majivu kwa kidole.

"Nenda. Lakini kicheko usiwape."

"Sitawapa."

Wingu lilikuwa limeshafunga upande wa Michenga. Alipokuwa akitoka, Restuta alimsikia Careen akisema nyuma yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, Jeni. Yako ikoje?" Akaongeza mwendo ili asisikie jibu.

Ukumbini walikuwa wanagawiwa soda. Restuta alikwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti.

"Habari mliyoisikia si ya msichana aliyeisimulia. Ni ya mtoto mwingine, aliyekataa isemwe. Ilichukuliwa kwake kwa siri, ikarekebishwa ili mlie, akapewa mwenzake aikariri. Naomba waliorekodi wafute. Kama bweni lilikuwa linajengwa juu ya habari hiyo, basi na lisijengwe."

Bwana Maximilian alikuwa ameshafika ukutani, akachomoa waya. Spika zikafa. Tone la kwanza liligonga bati, kisha jingine, kisha mvua ikashuka yote.

Mama wa mstari wa mbele, simu bado mkononi, alisimama na kupaza sauti ili asikike. "Sasa mwenyewe ni nani? Ni yule aliyeingia? Mleteni basi tumwone, maskini."

"Hamtamwona," Restuta alisema. Kelele za bati zilimfunika, akalazimika kulirudia kwa nguvu zote za kifua chake. "Hamtamwona!"

Kisha akashika njia ya jikoni, kwenye mvua.