Tundu Kwenye Kadi ya Mama

Abiria walinibandika jina la Dada Tak, nami sikulikataa, maana ndiyo sauti niliyoitoa kutwa nzima. Unaingia kituoni, unanipa tiketi yako ya karatasi, naitoboa pembeni kwa koleo langu, tak, unapita kupanda basi. Mabasi yetu yana barabara yao peke yao, hayaijui foleni ya magari. Foleni ilikuwa kwangu. Watu walinitukana mpaka wakachoka, nikawajibu mpaka nikachoka, mwisho tukazoeana.

Halafu wakaleta mageti. Vioo viwili vinavyokutana usawa wa kiuno, na kando yake kisanduku chenye taa. Unagusisha kadi, kinalia tii, vioo vinaachana. Mimi nikahamishiwa karakana, mbali huko. Siku ya kwanza ya mageti ndiyo ikawa siku yangu ya mwisho langoni, eti nisimame niwaelekeze watu, koleo langu bado mkononi kwa mazoea.

"Kidubwana hiki ndicho kinachoninyang'anya nafasi?" nilimuuliza fundi wa mageti.

Akacheka tu. Mpole mno, hata kugombana naye hakunogi.

Lakini kuhamishwa hakukuniuma sana. Kilichoninyima usingizi ni mama. Mama yangu haoni. Kila asubuhi huenda hospitali kumlisha mama mdogo, pacha wake, aliyelazwa huko na asiyekubali kijiko cha mtu mwingine. Jirani humfikisha kituoni, kisha anakimbilia shughuli zake. Mimi ndiye humshika mkono nikamvusha lango. Akishavuka, kuna bomba la kushikilia linalokwenda moja kwa moja mpaka mlango wa basi, na kule mwisho wa safari muuguzi humpokea. Kikwazo ni lango tu. Na mama kumwomba mtu baki amvushe? Thubutu! Angerudi nyumbani, na pacha wake angeshinda na njaa.

Kadi ya mama yenyewe ilikuwa ya watu wasioona, huipati mpaka uandikishwe. Tuliihangaikia mpaka mlinzi wa ofisi ile akaanza kuniita shemeji.

Basi asubuhi hiyo kituo kimefurika. Bwana mmoja mnene anahangaika kupenyeza noti kwenye upenyo wa vioo, nami namfokea, "Baba, hilo geti siyo sanduku la sadaka!" Huku nafoka, mkono mwingine ukaona kitu kimenyooshwa mbele yake. Mkono wangu haukuniuliza. Ukakipokea, ukakibana.

Tak.

Nikageuka. Alikuwa mama, amenyoosha kadi yake kama alivyozoea kuninyooshea tiketi. Pembeni mwa ile kadi kuna tundu, duara, safi kabisa.

"Mungu wangu," nikasema.

Fundi akaja mbio. Akaiinua kadi kwenye mwanga, akakuna kichwa. "Dada, ndani humu kuna waya mwembamba umeizunguka kadi nzima. Ukikatika, kadi imekufa. Itabidi aandikishwe upya, na hiyo ni wiki kadhaa."

Wiki kadhaa! Nikamwona mama mdogo amegeuzia uso ukutani, chakula kinapoa. Nikaanza kulia mbele za watu, mimi niliyezoea kuwaliza wao.

"Umefanya nini wewe?" mama akauliza.

"Nimetoboa kadi yako, mama."

Nilitegemea ukali. Badala yake akaangua kicheko. "Ama kweli mazoea yana taabu! Lete hapa." Akaipapasa, kidole gumba kikaliona lile tundu, kikatulia juu yake. "Jana usiku nilikuwa nayo pamoja na kadi ya hospitali. Zote nyororo, nikashindwa kujua ipi ni ipi. Sasa hii naijua."

"Lakini huenda imekufa, mama."

"Tutaona. Nyamazeni kidogo."

Akasema kwa sauti ile aliyotulea nayo, na foleni yote ikanyamaza, hata bwana wa noti. Geti la pembeni likalia, tii. Mama akageuza kichwa. Likalia tena. Akanyoosha mkono taratibu kuelekea kisanduku cha geti letu, akagusisha kadi. Kimya. Akaisogeza juu kidogo. Kimya. Fundi alikuwa ameuma mdomo. Akaisogeza tena.

Tii.

Vioo vikaachana. Mama akabaki amesimama, upepo wa upande wa pili unampiga usoni.

"Nani kanifungulia?"

"Hakuna mtu, mama."

"Fundi?"

"Mimi niko huku nyuma yako, mama. Waya umenusurika, kadi yako ndiyo imefungua."

"Hakuna aliyenionea huruma?"

"Hakuna," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Tangu utoto wangu, kila mlango nimepita nikisema ahsante. Huu nimwambie nani?"

"Makubwa haya," bwana wa noti akanong'ona. Tangu alfajiri nilikuwa nikikitukana kile kisanduku, na sasa nilitamani kukipigia goti.

"Pita, mama," fundi akasema. "Halisubiri sana."

Nikanyoosha mkono nimshike.

"Usinishike."

Akapiga hatua moja, ya pili, amevuka. Mkono wake ukalipata bomba, akaanza kulifuata, mgongo umenyooka. Basi lilikuwa linaingia. Nikaona hapana, lazima nimpandishe, nikamkimbilia. Vioo vikanifungia, vikanigonga tumboni.

"Kadi, Dada Tak," fundi akaniambia taratibu.

Sikuwa nayo. Nimeshinda langoni umri wote huo, haijawahi kunijia akilini kwamba na mimi nitahitaji kadi. Nikabaki nimeshika kioo, koleo linaning'inia mkononi.

Mama akageukia sauti zetu, mguu mmoja tayari ndani ya basi.

"Mwanangu, jioni usinisubiri," akaniita. "Nitavuka mwenyewe."