Nilivyotembea na Mama wa Shemeji

Kofia ilikuwa ya dada. Mama wa shemeji aliifuma mwenyewe, sufu ya zambarau yenye kishada juu, akamtuma mwanawe ampelekee mkwe mtarajiwa kabla hawajaonana. Dada aliijaribu mbele ya kioo, akajikuna mpaka shingoni, akaitupa kabatini. Asubuhi ya safari, pale barabara inapoishia na njia ya mlima inapoanza, aliiona baridi ilivyonikamata masikio, akaitoa ile kofia, aliyoibeba kwenye begi kwa adabu tu, akanivalisha.

"Vaa wewe. Ngozi yako imezoea."

Mimi, mdogo wake wa kike, ni dobi. Nashinda kwenye mvuke na sabuni, basi kwa dada hiyo ilikuwa sababu tosha.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la shemeji, ambaye ni fundi wa lifti na hapendi mambo ya kukaa sebuleni mnatazamana. Alitaka mama yake na mchumba wake wafahamiane kwa kutembea taratibu mlimani, kutoka kibanda hadi kibanda, msimu huu maua yakiwa yamechanua kule juu. Kila jioni mnafika kwenye nyumba ya mbao yenye jiko la kuni na vitanda vya ghorofa, mtunza kibanda anawapikia, asubuhi mnaondoka. Dada akasema haendi bila mimi. Anauza simu dukani, anaweza kumuuzia simu mtu aliyekuja kuuliza njia, lakini kwa mama mkwe aliingiwa na hofu.

Mama wa shemeji alikuwa amestaafu upishi wa shule. Alishuka kwenye gari na fimbo yake, mfupi, mpana, na sauti ya kuita watoto wapange foleni. Shemeji akasema, "Mama, ndio hawa," kisha akainama kukaza mikanda ya begi. Tukamwamkia pamoja. Aliitikia, akamtazama dada, akanitazama mimi, akaitazama kofia. Akanishika mkono.

"Wenye haraka watangulie," akasema. "Sisi wawili tutatembea kama watu."

Nilidhani anataka mtu wa kumshikilia.

Dada na shemeji walitangulia. Tuliwasikia kwa mbali.

"Fundi, mlima mzima huu hauna lifti?"

"Ipo. Imeharibika tangu uumbaji, wanasubiri spea."

Dada akacheka kicheko chake kile cha kusikika mtaa wa pili. Mama akasimama.

"Hao wamezoeana."

"Sana, mama."

"Mm," akasema, na kuendelea.

Miti iliisha, tukatokea kwenye majani mafupi. Hapo maua yalianza. Ya njano madogo kama vifungo vya shati yalijaa pande zote mbili za njia. Ya bluu yaliinamisha vichwa kama kengele. Kwenye miamba kulikuwa na meupe yenye manyoya, yamejikunyata pamoja kama watu waliogawana blanketi moja. Mama alisimama kwa kila aina, na kila aliposimama aliniuliza jambo. Ninalala mapema? Nakoroma? Mwanamume akiacha viatu mlangoni, naviruka au namwita aviondoe?

"Naviondoa mwenyewe, mama. Halafu namwambia."

"Na ukikasirika unafanyaje?"

"Nanyamaza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nisahau."

Alilifikiria hilo muda mrefu, akilitazama ua. Mimi nilikuwa najiuliza kwa nini ananihoji mimi wakati mwenye kuhojiwa yuko mbele anacheka. Nikaona labda ndivyo wenye busara wanavyofanya: ukitaka kujua nyumba, unamuuliza mdogo wa nyumba. Nikajibu yote kwa uaminifu nisije nikamharibia dada.

Kibanda cha kwanza kilinichanganya zaidi. Wanawake walikuwa na chumba chao na wanaume chao. Mezani shemeji alikaa mbali na dada, macho kwenye bakuli. Mbele ya mama yake hakuthubutu hata kumwangalia mchumba. Dada naye, kwa kuwa kimya kinamtesa, akawa anamtania kila anapoinua kijiko. Mama alinipakulia supu mimi kwanza. Dada alipata ya mwisho, ya chini ya sufuria, karoti tupu. Kisha mama akatandika kitanda chake karibu na changu, akamwelekeza dada kule dirishani kwenye upepo.

Tukisafisha meno nje, dada akaninong'oneza, "Mbona huyu mama ananiangalia kama nimemwibia vijiko?"

"Sijui."

"Unamwambia nini huko nyuma?"

"Ananiuliza kama nakoroma."

"Kama *wewe* unakoroma?"

Tukaangaliana, povu mdomoni.

Siku ya pili ukungu ulikuwa ukija na kuondoka. Dakika moja unaona bonde zima la maua mpaka kwenye kijito, dakika inayofuata huoni hata kiatu chako, na unafuata tu mawe yaliyopangwa rundo rundo kuonyesha njia. Katika ukungu huo mama aliniambia, kwa utulivu kabisa:

"Pale chini jana niliogopa. Nimewaona wawili, na huyu kijana wangu anasema tu ndio hawa, kama anaonyesha mafungu ya nyanya. Nikasema moyoni, akiwa ni yule mwenye mdomo, mimi nageuka hapa hapa na gari lisizimwe. Ndipo nikaiona kofia yangu kichwani kwako."

Ukungu ukaondoka, maua yakawa yote hadharani, na mimi sikuyaona.

Nilitembea nikijaribu kupanga mambo, yakawa kama nguo za wateja watatu zilizochanganyika kwenye beseni moja. Nikimwambia mimi siye, atajua mchumba ni yule mwenye mdomo. Pia atajua mwenye mdomo aliigawa kofia yake. Ndoa ya dada itafia hapo kwenye majani. Nisipomwambia, nazidi kuwa mchumba wa shemeji yangu kila kona tunayokata. Na kilichonisumbua kuliko vyote, nilishaanza kumpenda yule mama.

Tulipopumzika kijitoni, nilimvuta dada nyuma ya jabali nikamweleza. Alicheka. Halafu akaacha kucheka.

"Amesema mdomo?"

"Amesema mdomo."

Tukamwita shemeji, tukajifanya tunajaza maji. Alisikiliza, akajikuna kidevu. "Lakini nilimwambia. Nilisema ndio hawa."

"Hawa ni wawili, fundi," dada akasema. "Wewe unaoa wangapi?"

"Nikamwambie sasa hivi?"

"Usiende." Dada alinishika begani, na mkono wake ulikuwa mzito. "Mwache atembee na wewe mpaka kibanda cha mwisho. Akikupenda wewe, atazoea kutupenda wote."

"Anapenda mke wa mwanawe, dada. Mimi ni mdogo wako."

Walitangulia tena, safari hii bila utani.

Mama alikuwa amekaa kwenye jiwe, amezungukwa na yale maua meupe ya manyoya. Alikuwa akilipapasa moja kwa kidole bila kulikata.

"Mtunza kibanda anasema kule tunakokwenda simu inashika," akasema. "Nitampigia mjomba wa huyu kijana wangu. Yeye ndiye aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Nataka nimwambie nimeridhika, aanze maandalizi. Nimwambie nini kukuhusu?"

Hapo sikuwa na pa kujificha. Kumdanganya mama mmoja milimani ni jambo moja, ila mjomba akishaambiwa, ukoo mzima umeambiwa. Nilivua kofia. Upepo ukanipiga masikioni.

"Mama, mwambie mimi ni mdogo wa bibi harusi. Bibi harusi ni yule aliye mbele. Kofia ni yake, inamwasha, akanipa nisipate baridi."

Nilitazama uso wake nikaona mambo mengi yakipita, sikutambua hata moja.

"Viatu vya mlangoni," akasema mwishowe. "Unaviondoa wewe."

"Ndiyo, mama."

"Yeye je?"

"Anavitupa nje."

"Vikiwa na mtu ndani?"

"Sijawahi kuona, mama. Lakini hashindwi."

Alichukua kofia mkononi mwangu, akasimama, akaondoka kwa mwendo ambao sikujua anao. Fimbo hata haikugusa chini. Aliwafikia wale wawili kwenye kona, akamnyooshea shemeji kidole kuelekea juu, akamshika dada mkono. Shemeji akanisubiri, tukatangulia sisi. Kila tulipogeuka tuliwaona wamesimama kwenye maua, wadogo kama sindano mbili, na hatukuweza kujua kama ni ugomvi au maongezi.

"Imekuwaje?" shemeji akawa anauliza.

"Sijui, shemeji."

Tulikaa kibandani, chai ikapoa, tukaipasha, ikapoa tena. Ndipo wakaingia. Mama alipita moja kwa moja kwenda chumbani. Dada aliketi kando yangu, macho mekundu kwa upepo au kwa kingine.

"Ulimwambia ukikasirika unafanyaje?"

"Nanyamaza."

"Mimi nimesema navunja vyombo."

Shemeji akashika kichwa.

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akauliza, vyombo vya nani. Nikasema vyangu, vya mtu sivigusi. Akasema, mm. Kisha akaniuliza mengine, njia nzima. Sijui nimefaulu au nimefeli. Nimemwomba radhi ya kofia, akasema hatujafika huko."

"Amempigia mjomba?"

"Bado."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama alikuwa amevua koti, simu mkononi, haijawashwa.

"Yule wa vyombo yuko wapi?" akaita kwa sauti yake ya foleni. "Kesho anatembea na mimi tena, hatujamaliza. Na sasa aje anitandikie, kitanda cha dirishani nalala mimi."

Dada alituangalia mimi na shemeji, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeomba tafsiri. Akainuka, akaenda kutandika.