Mikono Iliyopata Ukuta

"Mume wangu, hiyo ni mikono au zege?"

Fundi mwashi aliitazama mikono yake. Alikuwa ameipaka dawa ya ngozi aliyopewa zahanati, nene kama plasta, kisha akaifunga mifuko ya nailoni isikauke, kama anavyofunika zege bichi kazini.

"Nataka ikolee," alisema. "Msimamizi kasema Jumatatu ya wiki ijayo nikifika na vidole vinavyovuja damu, ukuta wa mbele anampa mwingine."

"Na karatasi ya dawa inasemaje?"

Aliona haya. Mwaka wa pili huu anasoma darasa la jioni, na karatasi hakuifungua. Akavua mifuko, akanawa, akaketi. Alimwomba Mungu kimoyomoyo, kisha akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Paka kidogo. Usifunike bila agizo la daktari.

Akaendelea hadi mwisho, akarudia, ndipo akainua uso.

"Sikiliza, mke wangu. Saruji ikiudhi ngozi, chembe za mwili zinaitana kama watu walioona moto. Damu inajaa pale. Ndio huu wekundu, uvimbe na muwasho. Dawa inaingia ndani ya chembe, inazituliza, zinaacha kuitana. Mishipa midogo ya damu inajibana, uvimbe unashuka."

"Kwa hiyo inafukuza saruji?"

"Hapana. Saruji nitaikwepa mwenyewe. Na dawa ikizidi, ngozi inakonda."

Mkewe alimkazia macho, akacheka. "Na wewe ndiye uliyekuwa unasaini kwa dole gumba!"

Tangu siku hiyo alipaka utando mwembamba, kama alivyoandikiwa, na kila alipopaka alishukuru.

Jumatatu msimamizi alimgeuza viganja. Wekundu ulikuwa umefifia, nyufa zimefunga.

"Haya. Ukuta wako."

Akavaa glovu za pamba, juu yake za mpira. Wenzake wakaangua kicheko.

"Bwana harusi huyo! Unaogopa kuchafuka?"

"Naogopa kukuachia wewe ukuta wangu."

Alirusha plasta, akaivuta kwa bao, ule ubao mrefu wa kusawazishia, akailainisha. Hakuharakisha. Alasiri msimamizi alikuja na rula ndefu, akaiegemeza ukutani, akainama kutafuta mwanga unaopenya penye bonde. Akaisogeza. Akainama tena; mwanga haukupenya popote. Nyuma yake fundi mwashi alisimama wima, kifua mbele, na plasta mbichi iling'aa kutoka pembe hadi pembe.